Maneno ya Stelingi

Zamani, kabla ya simu kujaa mifukoni, Shafi alikuwa akitafsiri filamu za Kichina katika kibanda cha video pale Kipsongo, Kitale. Watoto walibanana kwenye mabenchi kumsikiliza. Kila mara stelingi, yaani shujaa wa filamu, alipowasha sigara kabla ya kupigana, Shafi alinguruma kwenye kipaza sauti: "Sasa anavuta nguvu, bana."

Juzi alikutana Bungoma na Kagwe, mmoja wa watoto wale, ambaye sasa ni fundi wa viatu mwenye kifua kibovu. Kagwe alimkumbatia, akakohoa, kisha akatoa sigara.

"Wacha hiyo, Kagwe."

"Si ni wewe ulitufunza, mzee? Ati stelingi anavuta nguvu."

Shafi alisita. Watu bado walimheshimu kwa tafsiri zile.

"Mimi sijui Kichina," akasema hatimaye. "Nilikuwa natunga tu."

Kagwe alimkazia macho, sigara ikiwa bado haijawashwa.

"Hata yale maneno ya stelingi akimuaga mamake? Tulilia sisi wote."

"Hata hayo."

Kagwe alicheka hadi akakohoa tena, akairudisha sigara kwenye pakiti.

"Basi kaa hapa, mzee. Niambie mengine uliyotudanganya."