Oili Niliyoipimia Mlimani

Wiki iliyopita nilipeleka kigari changu gereji, pale Usagara, kwa sababu kilikuwa kimeanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Fundi wangu ni mwanamke, makamo ya binti yangu wa mwisho. Alinipa shikamoo, akainua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Oili imezidi, babu. Nyumbani huwa unapimia wapi?"

"Mahali palipo sawa, mwanangu."

Nilijibu upesi, kama mtoto. Wewe uliyewahi kufika kwangu unajua kwamba uwanja wangu ni mteremko mtupu, na kwamba gari hulala limeinua pua juu, na jiwe nyuma ya kila tairi. Pale ndipo ninapopimia.

"Basi nilizidisha mimi siku ile nilipoibadilisha," akasema. "Na sili, ile raba ya kuzuia oili, itakuwa imeachia. Nisamehe babu, kaa hapo kwenye benchi, naifungua upya."

Nikakaa. Mzee mzima, nimeketi kivulini, na binti wa watu analala chini ya gari kutafuta kosa ambalo si lake. Haikuwa mara yangu ya kwanza.

Utotoni tulikuwa tunakaa Igogo, juu kwenye mawe. Ukifungua mlango asubuhi unaliona ziwa lote, na pimbi wamejipanga juu ya jabali wakiota jua. Kutoka chini ilipanda harufu ya dagaa wanaoanikwa, na baada yake king'ora cha kinu cha pamba, ambako baba alikuwa karani. Bibi alikuwa ameshatia jikoni michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya michembe iliyopikwa na karanga, nasimama nilipo.

Baba alinunua gari dogo, milango miwili, rangi ya maziwa. Lilikuwa la kwanza upande wetu wa mlima. Lilikuwa limechoka, kwa hiyo alimpa fundi jirani yetu alifungue injini yote na kulitia ringi mpya za pistoni, zile zinazozuia oili isiungue. Fundi huyo alitoka Ukerewe. Alikuwa mpole, mrefu, akiimba chini ya magari, na mfukoni mwake hamkukosa kipande cha muhogo wa kuchoma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na alinifundisha kama anayefundisha mtu mzima.

"Baba yako ana mashati meupe," aliniambia, "kwa hiyo kazi hii ni yako. Kila Jumapili, mkitoka misa. Pale kanisani uwanja uko sawa, na gari litakuwa limesimama saa nzima, oili yote imeshuka chini. Futa kijiti, chovya, soma. Ikiwa chini ya alama, ukifika nyumbani ongeza kidogo. Lakini usipimie kule kwenu mlimani. Kule oili inakimbilia nyuma, kijiti kitakudanganya."

Jumapili mbili nilifanya hivyo. Ya tatu watoto wenzangu walinizunguka. Nilikuwa nimevaa kaptula nyeupe, kichwa kimezama ndani ya boneti, tambara chafu mkononi.

"Utingo! Utingo, Shinyanga tunafika saa ngapi?"

"Utingo wa Baba Paroko! Panda juu ufunge mizigo!"

Hata binti wa mwalimu wa kwaya, ambaye nilikuwa natamani sana anione, siku hiyo aliniona, akacheka mpaka akashika ukuta.

Sikurudia tena. Baba akitoka kanisani alisimama na wenzake kuongea habari za bei ya pamba, hakuangalia nafanya nini. Mimi nilijificha nyuma ya mnara wa kengele mpaka safari ya kurudi. Nyumbani, baada ya chakula, baba akilala, ndipo nilipofungua boneti pale mlimani ambapo hakuna wa kunicheka. Kijiti kilitoka karibu kikavu. Nikaongeza oili. Jumapili iliyofuata kikawa hivyohivyo, nikaongeza. Baba akiniuliza namjibu, "Imepungua tena, baba. Nimeongeza."

Baada ya wiki chache gari lilianza kutoa moshi. Sasa naelewa kwamba injini ilikuwa imejazwa kupita kiasi, ikawa inaitapika oili na kuiunguza. Wakati ule niliona moshi tu, na mlima mzima uliuona. Bibi, ambaye alizaliwa katikati ya ng'ombe na kupima kila kitu kwa ng'ombe, alisema gari hili linakunywa kuliko zizi la baba yake. Makopo matupu aliyachukua yeye. Aliyatoboa chini, akapanda vitunguu, akayapanga ukutani, na kila kopo jipya lilimfurahisha.

Jumamosi moja jioni baba alimwita fundi nyumbani. Majirani waliposikia sauti ya baba walitoka nje. Baba aliyaondoa makopo ukutani, udongo na vitunguu vyake, bibi akilalamika, akayapanga saba mbele ya miguu ya fundi.

"Oili yote hii imeenda wapi? Ringi nilizokupa uliziweka kwenye gari langu au la mwingine?"

Jirani yetu mama muuza samaki akadakia, "Eeh karani, gari linakunywa namna hii na halipepesuki!" Watu wakaangua kicheko.

Fundi alinigeukia mimi. Alichuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mwanangu, unapimia kanisani, kama nilivyokuonyesha?"

Nilimwangalia baba. Niliwaangalia wale watoto, nao walikuwepo, wanasubiri kucheka.

"Ndiyo, fundi."

"Basi nitalifungua tena," akasema, akasimama. "Mtoto hana sababu ya kunisingizia."

Jumatatu baba alinituma gereji nikasimame pale, nihakikishe fundi habadilishi kitu. Ndiyo, mimi ndiye niliyepewa kumlinda yeye asiibe. Fundi alisukuma beseni chini ya injini, akalegeza nati. Oili ikatoka. Beseni lilikuwa lilelile alilokuwa akitumia siku zote kwa gari letu, na siku zote lilikuwa linabaki na nafasi ya vidole vinne juu. Siku ile lilijaa, likafurika, oili ikatambaa mchangani mpaka kwenye ndala zangu.

Fundi aliacha kuimba. Alilitazama beseni, akanitazama mimi, akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Unapimia kanisani, siyo?"

"Ndiyo."

Akatoa kile kipande cha muhogo mfukoni, akakikata, akanipa nusu.

"Haya. Nenda nyumbani. Ukikumbuka kitu, njoo uniambie. Mimi nipo hapa."

Niliula ule muhogo njiani. Hilo nalo nimelibeba mpaka leo, kwamba niliula.

Sikurudi. Nilipita njia nyingine kwenda shule, ile ndefu ya kuzunguka mawe, mwezi mzima. Fundi alilifunga gari, akamwambia baba kwamba sasa halitakula oili, na kwamba kuanzia siku hiyo atakuwa anapima yeye mwenyewe. Hakutaja beseni. Kama angelitaja, baba angenichapa, na alimjua baba. Naye baba alitembea mtaa mzima akisema, "Si mnaona? Amekiri mwenyewe." Mwenye lori la maziwa akaondoa lori lake, mapadri wakaondoa pikipiki yao. Kabla ya mvua za vuli gereji ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na fundi alikuwa amepanda meli kurudi Ukerewe na sanduku lake la spana.

Gari letu halikutoa moshi tena. Baba alifariki akiamini kwamba aliwahi kuibiwa ringi. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina kazi na nauli, na Ukerewe unakwenda kwa meli ya asubuhi na kurudi kesho yake. Nilijiambia nitakwenda nikipata likizo. Nilipata likizo nyingi.

Haya yote yalinipita kichwani pale kwenye benchi. Miguu ya yule binti ilikuwa imetokeza chini ya gari, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Nikasikia spana inakamata nati ya kwanza.

"Mwanangu, subiri. Usifungue."

Akajivuta nje, uso umepakwa vumbi. "Kuna nini, babu?"

"Nimekudanganya. Napimia mteremkoni. Hukuzidisha wewe, nimezidisha mimi."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko kizuri kabisa, hakina sumu.

"Hilo tu? Aa, babu na wewe! Si ungesema tu! Tunapunguza oili, dakika kumi unaondoka."

Akaleta beseni. Mimi sikuweza kucheka naye. Dakika kumi. Yule wa Ukerewe naye angenijibu hivyohivyo, nadhani, na angenipa nusu ya muhogo, na kesho yake angefungua gereji.

Nilipotoka pale sikugeuza kwenda nyumbani, nilishuka mpaka Igogo. Uwanja wa kanisa umetandikwa matofali, na mnara wa kengele haupo. Nyumba yetu imejengwa upya na watu nisiowajua. Mahali pa gereji pana safu ya maduka ya simu, na mbele yake wameweka zege juu ya mchanga ule uliokunywa oili yetu. Nilisimamisha gari pale, nikazima, nikasubiri oili ishuke. Palikuwa sawa kabisa. Nikafungua boneti, mbele ya watu wote, nikapima.