Bustani ya Matano pale Kongowe

Matano Kondo hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, mguu unatikisika. Miaka sita alikuwa akifyeka majani kwenye nyumba za Wadenishi, watu wa Denmark, waliokuja Kibaha kufundisha, na balaa lilianzia hapo. Mmoja wao, Bibi Inge, alimwonyesha picha za Kopenhageni, mji wa kwao: bustani ya starehe iliyofunguliwa mwaka 1843, taa mitini, bendi inapiga, fundi viatu na tajiri wanapita lango moja. Akamweleza na ya London, Vauxhall, iliyodumu karibu miaka mia mbili, kisha ikafungwa, zikajengwa nyumba.

Basi, Matano akakosa raha. Wadenishi walipoondoka, alichukua nusu ya shamba lake la Kongowe akapanda asmini, akatengeneza viti vya fito, akamwaga mchanga njiani. Mkewe, Mwanamvua, alimtazama weee, mwisho akamwuliza, "Baba Zena, wenzio wanapanda mihogo, wewe unapanda pa kukaa?" Watu hawakuja. Walipita wakicheka, na siwalaumu. Nani ana wasaa wa kwenda kukaa kwa makusudi?

Mwaka 1974, vijiji vilipopangwa, kamati ikalitaka eneo lile liwe shamba la mihogo la kijiji. Matano akaitwa kikaoni. Tangu asubuhi alizunguka nyumba akijisemea peke yake. Alitaka bustani ibaki, hana jingine. Zamu yake ilipofika akatoa hoja aliyoiona ndiyo kiboko.

"Mwenyekiti, yule aliyeanzisha bustani ya Kopenhageni alimwambia mfalme wake kwamba watu wakistarehe hawafikirii siasa. Mfalme akampa kiwanja."

Hoja nzuri kwa mfalme, jamani, lakini unakwenda kumwambia mwenyekiti wa tawi la TANU? Mwenyekiti, Mzee Hemedi, akavua miwani.

"Ndugu Matano, siasa ni kilimo. Wasipoifikiria, watakula nini?"

Ukapangwa msaragambo Jumamosi, kijiji kizima kuilima bustani ile, kila nyumba na jembe lake.

Wakaja watu wa Kongowe nzima. Jua lilikuwa kali, wakaona wapumzike kwanza. Wanawake wakachuma asmini wakatia nyweleni, watoto wakakimbizana mchangani, mtu akaleta ngoma. Mzee Hemedi akanyoosha miguu kwenye kiti cha fito, akasema, "Kumbe pazuri hapa."

Matano alisimama pembeni. Miaka minne aliwangoja watu hawa hawa. Mwanamvua akamjia na jembe.

"Wanauliza waanzie wapi."

Akawaonyesha, akaanza yeye.