Mababu Watatu Niliowapa Ukoo wa Dangwesi

Sisi tuliochunga ng'ombe kando ya Ziwa Babati, kabla Bagara haijajaa nyumba za bati, tulikuwa na mchezo ambao leo simwoni mtoto hata mmoja akiucheza. Asubuhi baridi ilishuka kutoka mlima Kwaraa ikatukuta pekupeku, mfukoni tuna mbaazi za kuchemsha zilizobaki jana, bado zina chumvi. Ng'ombe wakishakunywa maji, tulipanda juu ya kichuguu mmoja mmoja. Unavuta pumzi, unataja baba zako: mimi wa fulani, fulani wa fulani, hadi pumzi ikatike. Aliyetaja wachache ndiye aliyekimbia kuwarudisha ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu. Na ng'ombe wa enzi zetu walipenda mahindi ya watu kuliko majani yao.

Nilikimbia mimi. Kila siku mimi. Wenzangu walikuwa na mababu saba, wengine wanane, wanawatiririsha kama maji. Mimi nilikuwa Elia wa Marko, Marko wa Dangwesi, kwisha. Pumzi ilibaki nyingi, mababu hakuna. Tena jina lenyewe hakuna mwingine aliyekuwa nalo, si Bagara, si Maisaka, wala mnadani walikokusanyika watu wa kila kabila.

"Dangwesi ni watu wa wapi hao?" wenzangu walinicheka. "Babu yako ameokotwa ziwani, kazaliwa na kiboko!"

Nilimuuliza baba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo yalipungua zaidi. "Babu yako alikuja hapa amebebwa mgongoni, mwaka wa njaa. Basi. Kula ugali wako."

Likizo moja nilipelekwa Magugu kwa mjomba, ambaye alikuwa na maksai watatu wa kulimia, wakubwa, wenye nundu kama mto wa kulalia: Burari, Sengeli na Homari. Nilishinda shambani nikiwaongoza, nikiita majina yao mpaka sauti ikakauka. Niliporudi nyumbani nikapanda kichuguu, nikavuta pumzi: "Mimi Elia wa Marko, Marko wa Dangwesi, Dangwesi wa Burari, Burari wa Sengeli, Sengeli wa Homari, aliyeua simba kwa mkuki mmoja!"

Muua simba walimhesabu kama mababu wanne. Siku hiyo alikimbia mwingine kurudisha ng'ombe. Sijawahi kula mbaazi tamu kama zile.

Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa nacheka tu. Lakini mdogo wangu Petro, aliyekuwa akinifuata kila mahali, aliyashika majina akaenda kuyaimba nyumbani. Baba alikuwa anakamua. Mikono ikasimama.

"Umeyapata wapi hayo?"

"Kaka ndiye anayajua."

Akanigeukia. Ningeweza kusema. Nikajibu, "Nimeambiwa na wazee wa Magugu." Sikuwahi kumwona baba na uso ule, wala kabla wala baadaye. Aliyarudia majina yale polepole, kama mtu anayeonja asali. Tangu siku hiyo, kwenye harusi na misiba, wenzake wakitaja ukoo wao, naye alisimama akataja. Nilisoma sekondari, nikafanya kazi, nikaoa, na kila mwaka nilisema nitamwambia mwaka ujao. Tulimzika hajui.

Sasa ndugu zangu wa rika langu, mnakumbuka mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha, Manyara ikazaliwa na Babati ikawa makao makuu. Mji ulifurika wageni: wa ofisini, wa madini, wa maduka, na mama ntilie wa kuwalisha wote. Mimi macho yalikuwa yananisumbua, nikaenda hospitali. Nimekaa kwenye benchi, muuguzi akaita dirishani, "Dangwesi!"

Tukasimama wawili.

"Mmoja mmoja jamani," akasema muuguzi, "dawa hazikimbii."

Mwenzangu alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga khanga juu ya gauni la kazi. Nilimkodolea hadi nikasahau kwamba siku hiyo naumwa macho.

"Shikamoo baba," akasema. "Samahani, umeitika jina langu."

"Marahaba mwanangu. Ni langu pia. Umelitoa wapi?"

Alikuwa Mama Neema, ametoka vijijini upande wa Singida kuja kuuza chakula kwa mafundi wa majengo. Mistari yote miwili ya wagonjwa ilitupita. Nikamwomba anitajie baba zake, nikiwa nimeshika benchi kwa mikono miwili.

"Mimi wa Yohana," akaanza, "Yohana wa Irunde, Irunde wa Dangwesi, Dangwesi wa Mtinangi." Alipomaliza aliinama akapiga sakafu kwa kiganja, mara moja.

"Hapo umepiga nini?"

"Ndivyo tulivyofundishwa kwetu. Irunde alikuwa na mdogo wake, Sumbe. Mwaka wa njaa shangazi alimbeba mgongoni akaelekea huku kwenye ziwa, hawakurudi. Hatujui kama alizaa, kwa hiyo tukitaja ukoo tunapiga chini, nafasi yake isifungwe."

Amebebwa mgongoni. Maneno yaleyale ya baba. Nililia pale hospitali, mzee mzima, na muuguzi akadhani ni macho. Kumbe Dangwesi halikuwa jina la babu yangu, lilikuwa la baba yake. Kitoto kimefika ugenini, kinaulizwa jina, kinasema Dangwesi. Labda hakikuwa kinajibu swali. Labda kilikuwa kinamwita baba yake.

Furaha ile ingenitosha, ila Jumapili ya wiki hiyohiyo Daudi, mtoto wa Petro, alikuwa anambatizisha kifungua mimba wake. Na jina la ukoo walilokwisha kumchagulia ni Homari, muuaji wa simba.

Jumamosi mchana nikamchukua Mama Neema, tukaenda kwa Petro kule Maisaka. Wote walikuwa uani wakichambua mchele. Nilisema yote nikiwa nimesimama: kichuguu, Magugu, mjomba, baba na maziwa yake.

Petro akaweka ungo chini. "Kaka, unataka kuniambia maisha yangu yote nimejivunia ng'ombe?"

"Maksai," nikasema.

"Maksai!" Akashika kichwa. "Kaka, maksai hazai!"

Mke wa Daudi ndiye aliyecheka kwanza, kisha uani kote. Petro alicheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakaendelea kutoka bila kicheko. "Baba angejua," akasema. Nikaokota ungo wake nikaanza kuchambua mchele. Mama Neema alimwomba mtoto, akampakata, akamtazama paji la uso. "Huyu ni wa kwetu kabisa," akasema. Akataja ukoo kuanzia Mtinangi kushuka hadi Irunde, kisha akasema Sumbe, na kwa mara ya kwanza hakupiga chini. Akaendelea: Marko, Petro, Daudi, na mtoto.

Alibatizwa Sumbe.

Sumbe huyo sasa ana ndevu na bodaboda. Anaweza kukutajia wachezaji wote wa timu za Ulaya pamoja na wa akiba, lakini akifika kwa Irunde anachungulia simu. Namsamehe. Mimi nilikuwa hodari kuliko yeye, na uhodari wangu mmeona ulikonifikisha.

Juzi nilipita pale palipokuwa na kichuguu. Pamesawazishwa, vijana wanaegesha bajaji. Nilisimama nikavuta pumzi, kifua hakina nguvu ya zamani, nikataja: Elia wa Marko, Marko wa Sumbe, Sumbe wa Dangwesi, Dangwesi wa Mtinangi. Wanne tu. Enzi zile nilikuwa nao watano, na mmoja ameua simba. Kwa hesabu hiyo ningeshindwa, ningetumwa kurudisha ng'ombe, na siku hiyo ningekwenda mbio naimba. Lakini mahindi yamekuwa nyumba, ng'ombe hawapo, na wa kunituma wote wamekwisha kulala.