Benki ilinipa nyumba Kiriri, mke wangu akanipa kochi

Wakuu, nawasalimu kutoka Bujumbura, ambako ziwa leo limetulia kama halina habari na mtu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Mkiona imezidi, hiyo ni chumvi ya benki.

Kwanza mnijue kidogo. Nina miaka arobaini na kitu, shule niliishia sekondari, na miguu yangu haijawahi kupenda kukaa sehemu moja. Nimeishi Kigoma, Uvira, Lubumbashi, na Mbeya kwa muda mfupi ambao sitausimulia. Sasa nauza vipuri vya pikipiki hapa mjini, lakini bado natafuta sababu za kuvuka mpaka. Mzigo unaweza kuletwa na gari, ila mimi lazima niufuate. Mke wangu anaujua ugonjwa huo.

Huko kote nilikozunguka nilikuwa naota nyumba moja tu. Ile ya Nyakabiga nilikozaliwa, ambayo baba aliiuza nikiwa bado shule.

Si jumba. Sebule ndogo, bati la kelele mvua ikinyesha, na fremu ya mlango wa jikoni ambapo mama alikuwa anachora kwa kisu kupima urefu wetu. Aliyeinunua alipotangaza kuiuza, sikujiuliza mara mbili. Nilichukua mkopo wa benki, nikairudisha, tukahamia. Ile fremu imepakwa rangi, lakini ukipitisha kidole mikwaruzo bado ipo.

Sasa twende kwenye mkasa.

Jioni moja niko bafuni, simu nimeiacha mezani. Ikaingia SMS ya benki, kwa Kifaransa kizuri kabisa: mteja wetu mpendwa, tumepokea malipo ya nyumba yako ya Kiriri, tunakushukuru kwa uaminifu wako.

Kwa msioijua Bujumbura, Kiriri ni kule juu mlimani, majumba ya wakubwa na mabalozi. Mimi Kiriri nilikuwa napanda tu kujaribu breki za wateja.

Mke wangu, hapa tumwite Mama Aline, hakupiga kelele. Alisubiri nitoke na taulo langu.

"Papa Aline, kumbe tuko na nyumba Kiriri."

"Nyumba gani?"

"Mi njo nakuuliza. Ile Uvira ya kila mwezi imehamia ku mlima?" Hiyo "njo" ni "ndio" ya huku kwetu.

Wakuu, huku kwetu mwanamke wa pembeni aliyepangishiwa nyumba anaitwa deuxième bureau, yaani ofisi ya pili. Na mimi, kwa safari zangu, nina sura ya mtu mwenye ofisi tatu.

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Mwanaume asiye na hatia hacheki, anakasirika, mimi sikulijua hilo. Nikahamishiwa kochi la sebuleni. Lile kochi ni la watu wawili wafupi, na mimi ni mrefu.

Kesho yake nikawahi benki. Kijana wa dirishani akatazama kompyuta, akatabasamu.

"Monsieur, hakuna tatizo. Kiriri inalipwa vizuri sana."

"Sina nyumba Kiriri. Yangu iko Nyakabiga."

Akabonyeza tena. Tabasamu likaondoka.

"Ah. Ya Nyakabiga njo iko na tatizo. Haijalipwa miezi mitatu. Iko ku njia ya kuuzwa."

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Kumbe kuna mtu ana jina kama langu, yote mawili, la Kirundi na la ubatizo. Si ajabu, jina langu ukiliita sokoni itageuka nusu ya wauza mchele. Yeye analipia Kiriri kwa mshahara wake, na mtu fulani benki akaelekeza na pesa zangu huko huko; risiti za mwanzo zilitaja jina langu tu, nami sikushtuka. Nyumba moja ikawa na mabwana wawili, nyingine haina hata mmoja.

"Mbona hamkunionya?"

"Tulituma barua."

"Wapi?"

Akatazama tena kompyuta. "Kiriri."

Ili pesa zangu zirudi, yule bwana lazima aje asaini kwamba si zake. Nikaomba wampigie. Akasema hawawezi kumsumbua mteja kwa kosa lisilo lake.

"Basi ni kosa la nani?"

"Si kosa, monsieur. Ni ka-confusion ka système." Yaani mitambo yao ilichanganya majina.

Na asiposaini kabla ya mwisho wa mwezi, faili linakwenda kwa mwanasheria.

Nikarudi nyumbani nikaeleza yote, neno kwa neno. Mama Aline alinisikiliza huku anachambua maharage.

"Kwa hiyo benki njo inakutuma Kiriri."

"Kusainisha tu."

"We nenda. Lakini ukienda, ulale huko huko."

Mnaniona nilipokaa? Nisipokwenda, nyumba ya mama inauzwa. Nikienda, nina nyumba lakini sina mke. Siku zikaanza kupita na mimi nabishana na kochi.

Asubuhi moja alinikuta jikoni napitisha kidole kwenye ile fremu. Sikuwa nalia, ila sura sikuwa nayo. Akasimama nyuma yangu.

"Siwezi kupoteza nyumba juu ya mwanamke sijamuona," akasema. "Vaa. Tunaenda wote."

Alivaa imvutano, vazi letu la sherehe, kama anayekwenda kupokea mahari.

Getini tukamkuta zamu, yaani mlinzi. Akauliza tunamtafuta nani. Nikataja jina, na kwa woga nikaongeza kwamba ni jina langu pia.

"Apana," akasema zamu. "Huyo njo patron yangu. Iko ndani."

Mama Aline akanitazama. Kwa mara ya kwanza niliona huenda ananiamini.

Geti likafunguka, akatoka madame mmoja mnene wa heshima. Hakunitazama mimi. Alimpima mke wangu kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Njo weye wa Nyakabiga," akasema.

"Njo weye wa Kiriri," mke wangu akajibu.

Nyuma ya madame alisimama mwanaume mwenye ndala. Shavuni alikuwa na alama ya mshono wa kochi. Nilimtambua papo hapo. Ndugu yangu wa kochi kabisa.

Barua ya onyo, wakuu, ilipokelewa na madame. Mume wake anadaiwa nyumba Nyakabiga, nyumba ambayo yeye hajawahi kuisikia. Bwana wa watu alikuwa na wiki kadhaa anaapa mpaka sauti imekauka.

Tuliketishwa. Kwetu chupa ya mgeni inafunguliwa mbele yake, aone mwenyewe kwamba haijaguswa. Ilipoletwa Fanta, Mama Aline aliweka kiganja juu ya kizibo na kutoa simu yangu. Madame akaleta barua. Wakasoma SMS, wakasoma barua, wakabadilishana.

Sisi wanaume tulikuwa tunatazama zulia.

Kisha mke wangu akatoa kiganja juu ya kizibo, akasema, "Fungua tu, dada."

Wote wawili wakacheka mpaka zamu akaja kuchungulia. Yule bwana na mimi hatukucheka. Tulishajifunza.

Kesho yake tukaingia benki wote wanne. Mkuu wa agence, yaani tawi, akaanza habari za système. Madame akamkata.

"Système yenu njo imemulalisha bwana yangu ku kochi. Itakuja kumuomba pardon?"

Tulisaini palepale. Benki ikatupa kalenda, kila nyumba moja, za mwaka uliokuwa unaisha.

Mwezi uliofuata SMS ikaingia. Safari hii simu nilimpa Mama Aline kwa mkono wangu. Akasoma: tumepokea malipo ya nyumba yako ya Nyakabiga. Akairudia, pole pole. Halafu akachukua mto wangu pale kochini, akaurudisha chumbani.

Sasa wale wawili wanaitana mke mwenza, na nikitaja tu Uvira, Mama Aline anapiga Kiriri kuuliza kama na yule mwingine anafunga begi.

Nilichokipata: ukilipia nyumba, dai uthibitisho unaotaja nyumba yenyewe, usiridhike na jina lako tu. Na ukiwa mzururaji kama mimi, mpeleke mke benki tangu siku ya kwanza.

Kochi langu sasa liko wazi. Aliyewahi kulazwa na benki yake, aje aketi asimulie.