Koki ya Hita na Mama Kutoka Garissa

Magari yaliyotumika Japani yalipoanza kujaa Machakos, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi nilikuwa fundi wa malori na pikapu. Pikapu nilizozizoea zilikuwa na kiyoyozi cha aina moja tu: dirisha. Haya magari mapya yalikuja na AC, na mwenye gari akiniuliza kama naielewa, sikuona sababu ya kumvunja moyo. Nilimwambia naielewa sana. Kweli nilikuwa nimewahi kumwona mtu akiitengeneza, kule Nairobi, nikiwa ng'ambo ya pili ya barabara.

Mteja wa kwanza kuniamini alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekaa mjini kwetu miaka mingi hata akawa anabishana na wauza mbuzi kwa Kikamba kizuri kuliko changu. Alileta gari lake jeupe la familia, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameketi mama yake mzazi, aliyetoka Garissa kutibiwa miguu. Kila wiki alimpeleka hospitali Nairobi.

"Fundi, hii AC inatoa moto," akaniambia. "Mama anasema afadhali Garissa."

Mama mwenyewe akasema maneno mengi kwa Kisomali, kidole kikinielekea.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anakusalimia."

Nikaitikia salamu kwa heshima, nikafungua boneti, nikainama juu ya injini kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya. Nikasikiliza. Nikagonga kitu kimoja, kisha kingine. Sikujua ninachosikiliza, lakini nilijua mteja anapenda kuona fundi akisikiliza.

"Gesi imeisha," nikasema.

Tukalipeleka gari kwa mtu mwenye mtungi, likajazwa gesi, kisha nikawaalika mteja na mama yake twende hadi Kyumbi waone kazi. Niliendesha mimi. Madirisha nikayafunga yote, nikiwaeleza kwamba AC haitaki hewa ya nje. Ilikuwa mchana, mwezi wa pili, na kabla hatujatoka mjini shati lilikuwa limenishika mgongoni. Matundu ya dashibodi yalitupulizia hewa kama ya mdomo wa jiko.

"Lazima ipewe muda," nikasema.

Nyuma nikasikia kioo kikishuka.

"Mzee, tafadhali mwambie mama afunge."

"Mwambie wewe," akanijibu bila kugeuka.

Sikumwambia. Tulirudi madirisha yote yakiwa wazi, mama akijipepea kwa ncha ya mtandio wake.

Mtu mwenye akili angesimama hapo aulize wanaojua. Mimi nikasema ni kompresa, ile pampu ya gesi. Nikaenda Nairobi kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika, nikarudi nayo nimeipakata kama mtoto, nikaifunga, tukajaza gesi tena. Ile ya zamani, nilikuja kujua baadaye, haikuwa na ugonjwa wowote. Gari likaendelea kutoa moto, sasa kwa kompresa mbili: moja kazini, nyingine juu ya meza yangu, zote nzima.

Ugonjwa wenyewe niliugundua kwa kuungua. Nilikuwa nimewasha injini, nikanyoosha mkono ndani kabisa kuokota spana iliyoniponyoka, kiwiko kikagusa mpira wa maji unaoingia kwenye hita. "Asi!" Nilipiga ukelele, fundi wa kuchomelea wa jirani akatoka mbio. Nilipomaliza kujipuliza, ndipo nikajiuliza: swichi ya ndani iko kwenye baridi, sasa huu mpira una moto wa nini? Nikagusa bomba la AC lililo karibu. Lilikuwa baridi, linatoka jasho. Kumbe AC ilikuwa ikifanya kazi yake tangu siku ya kwanza. Koki inayofungia hita maji ya moto ndiyo iliyoganda ikiwa wazi, basi baridi yote ikipita kwenye hita inageuka joto kabla ya kumfikia mama.

Hapo ningebadilisha koki. Lakini furaha ilinizidi. Nikachomoa mipira yote miwili ya hita, nikaiunganisha kwa kipande cha bomba, maji yakawa yanarudi kwenye injini bila kupita ndani. Baridi ikatoka, tena baridi ya kweli. Mteja akacheka, mama akafunika mabega, nami nikatembea Machakos nzima kama mtu aliyevumbua barafu. Kuhusu hita kutofanya kazi tena nilimwambia mteja, "Hita ni ya Wazungu, mzee. Hapa ni ya nini?"

Mwezi wa saba ukanijibu. Wenyeji wanajua Machakos ya mwezi huo: ukungu asubuhi, na kuoga ni jambo la kujadiliwa. Mteja aliingia gereji akiendesha huku kichwa kimetoka nje ya dirisha, masikio mekundu, kwa sababu kioo cha mbele kilikuwa kimejaa mvuke kwa ndani. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na rundo la mablanketi. Rundo likafunguka, uso wa mama ukatokea, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu.

"Ananisalimia?" nikauliza.

"Leo hapana," akasema mwanawe.

Hakunitafsiria, na sikuomba. Nilienda Nairobi siku hiyo hiyo, nikarudi na koki mbili za hita, kwa maana sikujiamini tena kuchagua moja. Ya kwanza haikuingia. Ya pili ikaingia. Nikairudishia mipira yake, nikajaza maji, nikatoa hewa, nikagusa kila bomba kwa kidole, hili la moto, hili la baridi, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Kesho yake tulitoka sote watatu, wakati huu mwanawe akiendesha na mimi nimeketi kando. Tukashika njia ya Kalama, ukungu bado uko mashambani. Akasogeza swichi upande wa joto. Kioo kikasafika polepole kutoka chini kwenda juu. Nilisubiri nyuma kusikike kitu, lawama au hata shukrani. Nikageuka. Mama alikuwa amelala, blanketi limeteleza hadi magotini, mdomo wazi kidogo.

Tulipofika tena mjini, karibu na gereji yangu, nikaanza kufungua mkanda nishuke.

"Ngoja," mteja akanong'ona. "Huyu hajalala vizuri tangu Jumatatu."

Akapita gereji, akaelekea Mumbuni, taratibu, akikwepa mashimo.