Jiwe Lililopungua Gramu Nne

Jirani zake walimwita Gramu, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa mkaguzi wa vipimo kwa miaka ishirini na sita, mtu mwembamba, mpole, anayekata mkate vipande vinavyolingana mpaka mke wake akamwambia siku moja, "Baba, huo ni mkate, si ushahidi wa mahakamani."

Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na sokoni akiwa na mkoba wa ngozi, kuangalia kama jiwe la kilo la mfanyabiashara ni kilo kweli. Likiwa sawa, aligonga mhuri. Likiwa pungufu, alilichukua. Lakini kazi aliyoipenda hasa ilikuwa nyuma ya ofisi, mwisho wa ukumbi, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye mizani moja tu ndani ya kabati la kioo. Mizani ile ilikuwa na hisia kali. Joto la mwili wa mtu liliisumbua, pumzi iliiyumbisha. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kupima akiwa ndani. Uliyashika mawe kwa koleo, ukaweka moja kila sahani, ukafunga kioo, ukatoka, ukafunga mlango, ukangoja dakika kumi. Ndipo ukachungulia mshale kwa darubini ndogo iliyofungwa kwenye tundu la mlango.

"Haisemi kweli mpaka uondoke," aliwaambia wageni. Wengine walicheka. Wengine waliutazama ule mlango, wakakumbuka kwamba wana haraka.

Alikuwa na dini yake kama watu wengine, lakini hoja yake ya kuwa Mungu yupo aliipata chumbani mle. Alikuwa akimweleza shemeji yake, kaka wa mke wake, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekuja kula nao mchana kila mwisho wa wiki, na ambaye hakuamini kitu asichoweza kukiandika ubaoni.

"Jiwe la muuza nyama nalipima kwa jiwe la mkobani," Gramu alisema. "La mkobani nalipima kwa jiwe kuu la ofisini. Jiwe kuu nalo limepimwa kwa jingine huko juu, na hilo kwa jingine. Haliwezi kuwa jambo lisilo na mwisho, shemeji. Lazima liwepo moja linalopima yote, lenyewe lisipimwe na lolote. Hilo ndilo naliita Mungu."

"Mimi naliita uchovu," alijibu Mwalimu huku akijipakulia mchuzi. "Umepanda ngazi, miguu imekuuma, ukakaa kwenye kipandio ukasema hapa ndipo mbinguni. Kama kila jiwe linahitaji la kulipima, hata hilo la juu linahitaji. Na kama hilo halihitaji, mwache na muuza nyama wa watu, lake nalo halihitaji."

"Kaka, kula," alisema mke wa Gramu. "Mungu akipatikana nitakuita."

"Subiri," alisema Mwalimu. "Hilo la juu likikosea je? Yote yatakosea pamoja na hakuna atakayejua. Sasa kitu ambacho kikiwepo hesabu ni hii, kisipokuwepo hesabu ni hiihii, cha kazi gani?"

"Unasema likikosea," Gramu alimjibu taratibu. "Likikosea kuliko lipi? Tayari una jingine kichwani lisilokosea. Hilo umelitoa wapi?"

Hapo Mwalimu alifuta mdomo, kisha akalitoa swali alilolificha mpaka mwisho kama mcheza karata. "Sawa. Na yule mama wa kunde?"

Jibu la Gramu lilikuwa moja tu: jiwe lilisema.

Mama wa kunde alikuwa akiuza nafaka kwenye kibanda chenye mlango wa bluu. Miaka kumi na mmoja nyuma Gramu aliingia pale asubuhi, akapima jiwe lake la kilo, chuma cha pembe sita chenye pete juu na madini ya risasi yamejazwa kitakoni. Lilikuwa pungufu gramu nne. Akalipeleka ofisini, akalipima kwa jiwe kuu, akatoka, akangoja, akachungulia. Gramu nne. Kibanda kikafungwa, na tangazo likabandikwa kwenye ule mlango wa bluu ili kila mpita njia asome. Mama yule alisimama mbele ya watu akasema, "Hili jiwe ni la mama yangu. Mama hajaiba maisha yake yote." Watu wakaguna. Mama yake alikufa mwaka uleule, na ilisemekana alikufa hataki kumtazama bintiye usoni. Gramu alisikia, akasikitika, akalala usingizi. Si yeye aliyemhukumu, jiwe ndilo lililomhukumu.

Mwaka huu wa ishirini na sita, ofisi ililetewa jiwe kuu jipya, ndani ya sanduku lenye kitambaa cha mahameli. La zamani lilitakiwa kustaafu. Gramu alipewa kazi ya kuyalinganisha na kuweka sahihi. Aliyapima Jumatatu. Mshale ulisimama katikati kabisa. Sawa kwa sawa, akaandika.

Jumanne akaanza kusafisha kabati la mawe yaliyokamatwa, maana yote yalikuwa yapelekwe kuyeyushwa Ijumaa. Kanuni ilisema kila jiwe lipimwe mara ya mwisho. Alipofika kwenye jiwe la mama wa kunde, akaliweka sahani ya kushoto na jiwe jipya sahani ya kulia, akatoka, akafunga mlango.

Alipochungulia, mshale ulikuwa katikati.

Alibaki pale ukumbini, jicho kwenye darubini. Jambo la kwanza alilowaza lilikuwa la kawaida, japo la kutisha: jiwe la zamani lilikuwa zito kupita kiasi, na yeye alimwonea mtu. Akaingia, akalipima jiwe la mama yule kwa lile la zamani. Pungufu gramu nne, kama miaka kumi na mmoja iliyopita. Naam. Basi la zamani lazima lilizidi lile jipya. Akalipima la zamani kwa jipya tena.

Mshale ukasimama katikati.

Hata mtoto wa shule anajua: kama wewe uko sawa na mimi, na mimi niko sawa na yule, basi wewe na yule mko sawa. Gramu alirudia. Akabadilisha sahani. Akayafuta mawe kwa kitambaa cha ngozi, akayaacha saa mbili yapoe, akarudia. Jiwe la mama wa kunde lilikuwa sawa na jipya. Jipya lilikuwa sawa na la zamani. La mama wa kunde lilikuwa pungufu kuliko la zamani. Jumatano akarudia mara tisa, na mara zote tisa majibu yalikuwa yaleyale, bila hata kutetereka, kama mtu anayekujibu swali kwa utulivu huku akikutazama.

Alhamisi mchana, wakati wenzake wamekwenda kula, alimwingiza shemeji yake kwa mlango wa nyuma.

"Sumaku," alisema Mwalimu kabla hata ya kuvua kofia. "Chuma cha zamani hicho." Akatoa pini mfukoni, akaigusisha kwenye mawe yote matatu. Pini ikaanguka mara zote tatu. Akacheka kidogo. "Basi ni upepo."

"Hakuna upepo mle."

"Basi ni wewe. Umezeeka. Nipe hilo koleo."

Akapima mwenyewe. Gramu alikaa kwenye benchi la ukumbini, akimwangalia shemeji yake akiingia na kutoka, kuingia na kutoka, na kila alipotoka alikuwa anafunga mlango kwa uangalifu zaidi. Safari ya mwisho, alipoweka jiwe la mama wa kunde na lile la zamani, hakungoja zile dakika kumi. Aliinamia darubini papo hapo, akabaki hapo muda mrefu, mgongo umejikunja, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Nimeiona ikishuka," alisema bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile sahani. Ilikuwa imeshatulia katikati, shemeji. Imetulia kabisa. Halafu ikashuka polepole, kama mtu anayekaa chini kwa adabu."

"Upande gani?"

"Upande wa la zamani."

Walikaa wote wawili kwenye benchi. Mlango ule mbele yao ulikuwa mlango tu, rangi ya kijivu, kitasa kimechakaa. Hakuna aliyetaka kuupa mgongo.

"Haya," Mwalimu akasema baada ya muda. "Miaka yote unanitafutia Mungu. Kuna kitu mle ndani kinachoamua jiwe lipi liwe zito. Furahi basi. Umeshinda."

Gramu akatikisa kichwa. "Wangu hakuwa hivi. Wangu alikuwa habadiliki. Nilimwamini kwa sababu leo na kesho ni kilo ileile. Kama kuna mwenye kuweka kidole kwenye sahani, shemeji, sasa ndiyo sijui kama yupo wangu."

"Mimi nilikuwa naamini hakuna mtu mle," alisema Mwalimu. Akavaa kofia, akaivua. "Ukinipeleka nyumbani nitashukuru. Sitaki kutembea peke yangu." Ilikuwa saa saba na nusu mchana, jua linawaka.

Kabla ya kufunga ofisi Gramu alikwenda kwa mkuu wake, akamweleza yote. Mkuu alimsikiliza akizungusha kalamu.

"Jiwe jipya na la zamani ni sawa au si sawa?"

"Ni sawa, mkuu."

"Na la yule mama ni pungufu kuliko la zamani?"

"Ni pungufu."

"Basi hakuna tatizo. Hukuambiwa upime la yule mama kwa jipya. Weka sahihi, na Ijumaa hivyo vyuma viende vikayeyushwe."

Gramu hakuweka sahihi. Aliandika barua yenye mhuri wa ofisi, akaisoma mara mbili, akaikunja. Kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake aliondoka na kitu cha serikali bila ruhusa. Kilikuwa na uzito wa kilo moja, au kilo moja kasoro gramu nne, na kilimvuta mkoba begani njia nzima.

Mama wa kunde alikuwa akikaa chumba kimoja nyuma ya safu ya maduka. Alikuwa amekonda. Siku hizi aliuza nafaka kwa kikombe, mlangoni kwake, kwa watu wasiouliza. Alipomwona hakusimama.

"Bwana mkaguzi. Umekuja kukamata kikombe?"

"Hapana, mama. Nimekuletea jiwe lako."

Alilitoa mkobani pamoja na ile barua, akaliweka kwenye kizingiti. Mama akalitazama kama mtu anavyotazama mbwa aliyepotea miaka mingi: je, litamjua? Hakuligusa.

"Kwa hiyo lilikuwa sawa."

"Sijui."

"Hujui?"

"Nimelipima mara nyingi. Kwa jiwe moja ni sawa, kwa jingine ni pungufu, na yale mawili yako sawa. Sielewi, mama. Ila haikuwa haki kukufungia kwa kipimo kama kile."

"Miaka kumi na mmoja," alisema mama yule, "halafu unakuja kuniambia hujui. Bora ungebaki ulikokuwa. Ulipokuwa unajua nilikuwa nakuchukia vizuri tu." Akanyoosha mkono. "Na hiyo karatasi?"

Akampa. Mama akaisoma midomo ikicheza. "'Kosa halikuthibitishwa.' Hii maana yake nini?"

"Maana yake hakuna ushahidi kwamba..."

"Mama yangu alikufa akijua binti yake ni mwizi. Nakaa hapa peke yangu tangu siku ile. 'Halikuthibitishwa' nitaipeleka wapi? Mtu hasameheki kwa 'halikuthibitishwa'. Andika sikuiba."

"Siwezi kuandika nisichokipima."

"Basi nipime!" Alipaza sauti, jirani mmoja akachungulia dirishani akarudi. "Nitazame. Una macho. Niliiba, au sikuiba?"

Gramu akamtazama. Ndani mwake alitafuta kitu cha kuegemea, jiwe, mshale, kanuni, akakuta ni patupu kama sahani isiyo na kitu. Hakuna aliyemwambia ndiyo wala hapana. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mikono imepauka kwa vumbi la nafaka, na hakuyaondoa macho yake.

Akapiga magoti, akaichukua ile barua, akaiweka juu ya mkoba, akatoa kalamu. Chini ya mhuri akaandika: *Hakuiba.* Akatia sahihi. Herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari, na hakuisahihisha.

Mama wa kunde aliichukua. Akaliinua lile jiwe kwa pete yake, akaingia nalo ndani, akafunga mlango.

Gramu alikuwa bado anajipangusa magoti alipomsikia akianza kusoma, kwa sauti, neno moja moja, kama mtu anavyomsomea mzee asiyesikia vizuri. Alisoma mpaka lile neno la mwisho. Kisha akanyamaza. Ukimya ulikuwa wa urefu ule wa mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema.

"Ndiyo, mama," alisema ndani. "Ni yeye. Ameandika kwa mkono wake."

Akanyamaza tena, ukimya wa urefu uleule.

Gramu alichukua mkoba wake mtupu, akashuka barabarani, akipita pembeni kwenye mchanga laini ili viatu vyake visije vikamzuia mtu kusikia.