Anayeonja Pombe ya Plamu

Mpika pombe wa kijiji hunuka moshi hata siku za kanisani. Kila vuli, plamu zikishachacha mapipani, watu hupanga foleni kwenye mtambo wake wa shaba wa kukenekea pombe. Yeye huugonga kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi, husugua matone ya kwanza viganjani, hunusa, huguna. Mwenye plamu haonji pombe yake mwenyewe. Huonja wa zamu inayofuata. Ndiyo desturi.

Leo aliyemfuata Stamenka kwenye foleni alikuwa jirani yake Vidosav. Hawakuwa wamesalimiana tangu nguruwe wa Vidosav wafukue vitunguu vya Stamenka.

“Mzee, mpe mwingine aonje,” Stamenka alimnong'oneza mpika pombe.

“Foleni ni foleni, bibie.”

Vidosav akapiga funda, machozi yakamlengalenga. “Loo, jirani! Hii kali kuliko yangu ya mwaka jana. Na wale nguruwe mashetani nimewajengea banda.”

Stamenka akacheka bila kutaka. “Ngoja niionje na yako, tuone.”

Mpika pombe alikuwa ameinama anachochea moto, anapiga mluzi. Ndipo Stamenka akakumbuka ni nani aliyekuwa akimwambia tangu asubuhi, “Mapipa yako bado kidogo, bibie, mpishe huyu,” na huyu, na yule, mpaka mkokoteni wa Vidosav ulipoingia uani.